Nilivyogeuza barua ya posa ya mdogo wangu kuwa picha, mjomba akauliza tunamtaka yupi

Wakuu, salamu zangu kwenu nyote, mlio pwani na mlio bara.

Ninayoyaleta hapa yametokea nyumbani kwetu Msambweni, na aliyeyaharibu ni mimi mwenyewe. Sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, kwa sababu mke wa mtu na mchumba wa mtu hawaanikwi mtandaoni hivi hivi.

Mwenye haraka aruke mpaka mwisho. Asiye na haraka akae, maana mpaka leo kuna mahali sijaelewa na pengine mmoja wenu atanielewesha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtunza stoo kwenye hoteli moja hapa Diani. Mashuka, mataulo, sabuni, hayo ndiyo maisha yangu.

Kwa kuwa nakaa mbele ya kompyuta, nyumbani wote wanaamini mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Wakuu, najua mambo matatu: kufungua faili, kuandika na kuprint. La nne silijui.

Na nina namna yangu ya kuandika. Sifungui faili jipya. Kila asubuhi nafungua ripoti ya mashuka ya jana, naweka kidole kwenye Enter, naisukuma ya jana ishuke mpaka ipotee machoni, halafu naandika ya leo pale juu. Nikiprint nachagua page ya kwanza peke yake. Mkono unabonyeza wenyewe, hata sifikirii. Faili la mashuka sasa hivi lina page ambazo sijawahi kufika mwisho wake.

Hilo lishikeni, tutalirudia.

Sasa mdogo wangu, nimwite Bakari. Ni fundi wa friji na AC. Mpole, maneno yake machache mno, ukimuuliza friji ina nini anakwambia "gesi" na anaondoka.

Bakari alikwenda Gazi kutengeneza friji ya kikundi kimoja cha kina mama wanaotunza mikoko. Friji ilipona siku hiyo hiyo. Lakini yeye akawa anarudi kuiangalia kila wiki. Tukajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni Mwanaidi, anayesimamia kitalu cha miche ya mikoko pale. Dada mwenye akili zake, anacheka kwa sauti, haogopi mtu. Mama yetu alipomwona mara moja tu akasema, "Hamadi, andika barua."

Hamadi ni mimi. Baba yetu ni marehemu na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo barua ya posa ni kazi yangu.

Hapa lazima niwape siri moja ya nyumbani. Miaka mitatu nyuma tulikuwa tumemposea Bakari binti mwingine, wa Waa. Nitamwita Rehema. Tulikataliwa, kwa adabu lakini tulikataliwa. Rehema akaolewa na mtu mwingine, yuko Mombasa na mtoto wake. Bakari alikonda mwaka ule mpaka tukaogopa. Tangu hapo jina hilo halitajwi kwetu.

Na barua ile ya Waa aliiandika nani? Mimi. Iko wapi? Kwenye faili.

Basi nikafungua faili lile lile. Kule juu kulikuwa na bismillahi, anwani yetu, tarehe na salamu. Hizo nikaziacha, nikabadilisha tarehe tu. Nikaweka kidole kwenye Enter, maneno ya zamani yakashuka, yakashuka, yakapotea. Nikaandika ya Mwanaidi.

Naomba nikiri pia kwamba sikuumiza kichwa kutafuta maneno mapya. Ile sentensi tamu ya barua ya kwanza niliirudia herufi kwa herufi: "Tumeona ua katika bustani yenu, na ua mfano wa hili hatujapata kuliona popote."

Nikaprint page ya kwanza. Mama akaikunja, akaifunga kwenye kitambaa cheupe kilichofukizwa udi, baba mdogo na wazee wawili wakaipeleka Gazi. Wakapokelewa vizuri sana.

Jibu la baba yake Mwanaidi lilikuwa hivi: "Barua tumeipokea na tumeifurahia. Lakini mwenye neno ni mjomba wake, Mzee Suleiman wa Majoreni. Mguu unamsumbua, hawezi kuja. Mpeni naye aisome."

Wasio Wadigo wataniuliza kwa nini mjomba. Kwetu mjomba wa binti si mtu wa kupewa taarifa baadaye. Akikunja uso, shughuli imekwisha.

Mtauliza tena: kwa nini watu wa Gazi wasiipige picha ile barua wakamtumia wenyewe? Niliuliza hivyo hivyo. Mama akanitazama kama nimevua nguo. "Wao ndio wanaoombwa. Wajiombee?"

Na kuidai barua irudi ili niipige picha ndiyo kabisa. Barua ya posa ikirudi mlangoni ilikotoka, kila mtu anajua maana yake.

Kuprint nyingine na kuipeleka Majoreni kungengoja Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Kwa hiyo nikajitumia faili kutoka ofisini, nikalipokea kwenye simu, nikalirusha kwa Mzee Suleiman kwa WhatsApp.

Baada ya muda akanipigia. Shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo. Kisha akasema:

"Mwanangu, kumeingia kitu kama kijikaratasi. Nikikibonyeza simu yaniambia haina cha kukifungulia."

Nikamwambia, "Hiyo ni document, Mjomba."

"Naam, ni document. Sasa naifungua na nini?"

Kwangu inafunguka, kwake haifunguki, na ni kitu kile kile. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijapona sawasawa.

Nikajaribu screenshot. Ukivuta maandishi yasomeke, yanakatika pembeni. Ukiyaacha yaenee, yanakuwa madogo kama sisimizi. Mjomba ana macho ya miaka sabini.

Nikaingia mtandaoni kutafuta jinsi ya kugeuza document iwe picha. App ya kwanza ikasema haitaki Word, inataka PDF. App ya pili ikageuza Word kuwa PDF vizuri, lakini kuhusu picha ikasema hiyo si kazi yake. Nikairudia ya kwanza na PDF yangu mkononi. Ikanionyesha tangazo la mchezo wa kupanga matunda. Nikangoja. Ikanionyesha jingine. Nikangoja. Mwisho ikaandika kwamba imemaliza.

Nikaona vipicha viwili vidogo vimekaa bega kwa bega.

Wakuu, niliviona. Siwezi kusema sikuviona. Vilikuwa vinafanana, mistari midogo isiyosomeka. Nikajisemea app imerudia picha moja mara mbili, si ajabu, ni ya bure. Nikabonyeza select all, nikabonyeza share, nikachagua jina la Mzee Suleiman.

Nikaenda kuhesabu mataulo nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Jioni likaja jibu, kwa herufi kubwa zote:

"NIMESOMA. MNAMTAKA YUPI"

Nikalisoma mara tatu. Yupi? Nikafikiri, nikakumbuka kwamba Mwanaidi ana mdogo wake wa kike, yuko kidato cha tatu. Nikaona labda Mjomba hakuona jina vizuri, au anataka kuhakikisha hatumtaki yule mtoto wa shule. Nikaona swali lake ni la maana kabisa.

Nikajibu, "Yule wa kwanza, Mjomba. Mkubwa."

Alama zikageuka bluu. Kimya.

Siku ya pili kimya. Siku ya tatu Bakari akaja ofisini, na Bakari haji ofisini kwangu hata siku moja. Akasimama mlangoni na mkoba wake wa spana.

"Kaka, Mwanaidi hapokei simu."

Nikamwambia labda yuko kwenye matope na miche. Akasema, "Siku mbili?"

Nikamwambia awe na subira.

Siku ya nne Mama akaamua kwenda Gazi mwenyewe, kusalimia tu, bila kutaja barua. Alirudi mapema mno. Akaketi barazani bila kuvua buibui.

"Wamenipa chai," akasema. "Chai kavu. Halafu mama yake Mwanaidi akaniuliza, 'Na Rehema hajambo?'"

Mimi nikauliza, "Rehema yupi?"

"Si nawe ndiwe wa kuniambia! Mie hilo jina sijalitia kinywani miaka mitatu. Wao wamelipata wapi?"

Jibu lililomjia Mama ni moja tu: Bakari anaonana na Rehema. Mke wa mtu! Bakari alipofika alikuta amehukumiwa tayari.

Sijawahi kumsikia mdogo wangu akipandisha sauti kwa Mama, ila siku ile. "Wallahi sijui aliko! Wallahi hata namba yake sina!"

Mama analia, Bakari anaapa, mimi nimesimama katikati na glasi ya maji sijui nimpe nani. Nilimwamini Bakari. Lakini pia nilijiuliza, kama si yeye, Gazi wamelijuaje jina lile? Niliwaza mengi ya kijinga. Niliwaza hata uchawi, Mungu anisamehe.

Bakari akatoka. Kabla hajatoka akaniambia kitu ambacho kiliniuma: "Kaka, mimi sikumwambia Mwanaidi habari ya Waa. Niliona aibu. Nilitaka kumwambia tukishaoana."

Kesho yake nilikuwa kazini sijielewi, nimeandika foronya mahali pa mataulo. Mwenzangu wa mapokezi, Mutua, kijana wa bara, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, nikampa simu aone nilichotuma.

Akafungua picha ya kwanza. Akatelezesha kidole kwenda ya pili. Akarudi ya kwanza. Kisha:

"Buda, hii si the same. Iko na page mbili. Rehema ni nani?"

Nikanyakua simu.

Picha ya kwanza: bismillahi, anwani, tarehe, salamu, tunamuomba binti yenu Mwanaidi wa Gazi, tumeona ua katika bustani yenu.

Picha ya pili: haina bismillahi, haina tarehe, haina salamu, kwa sababu hizo nilizitumia kwenye ya kwanza. Inaanza moja kwa moja na "tunamuomba binti yenu Rehema wa Waa," na chini yake, ua mfano wa hili hatujapata kuliona popote.

Yaani Mjomba alisoma barua moja yenye kurasa mbili. Siku moja, tarehe moja, familia moja inaomba wasichana wawili, na kila mmoja hatujapata kuona mfano wake. Alipouliza tunamtaka yupi, nikamjibu yule wa kwanza, mkubwa, kama mtu anayechagua samaki sokoni!

Niliona aibu ya kutafuta shimo. Nilifuta picha ile kwenye simu yangu, kana kwamba iko kwangu peke yangu.

Jumapili tukaenda Majoreni: mimi, Mama na Bakari. Tulimkuta Mzee Suleiman kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Mama yake Mwanaidi alikuwepo, ndiye dada yake. Na Mwanaidi mwenyewe alikuwa ndani, tulimsikia akisogeza vyombo, hakutoka.

Tukaamkia. Tukaitikiwa. Hakuna aliyecheka.

Nikaanza kueleza. Nikasema kosa ni langu, barua ya Waa ni ya miaka mitatu iliyopita, tulikataliwa, yule dada ameshaolewa.

Mjomba akasema, "Kama ni ya miaka mitatu, kwangu imefika juzi vipi?"

"Ilikuwa chini, Mjomba."

"Chini ya nini?"

"Chini ya hii mpya."

"Nikipewa karatasi ya juu, ya chini nitaionaje?"

"Siyo karatasi, Mjomba. Iko ndani ya faili. Niliisukuma."

"Ukaisukuma kuelekea wapi?"

"Chini."

Akamtazama dada yake. Dada yake akanitazama mimi. Nikachukua leso ya Mama, nikaitandaza mkekani, nikaanza kuivuta taratibu kuonyesha jinsi maandishi yanavyoshuka. Hata mimi nilipokuwa naivuta sikujua naonyesha nini.

Mjomba akasema kwa upole, "Mwanangu, wewe si mwongo, naona. Lakini sikuelewi."

Hapo pazia likasogea. Mwanaidi akatoka, ushungi kichwani, akaketi karibu na mama yake. Hakunitazama mimi wala Mama. Alimtazama Bakari.

"Mimi nimeelewa ya page," akasema. "Hayo nimeyaelewa tangu nikiwa ndani. Nataka kujua kitu kimoja. Umekuja Gazi miezi minane. Umenieleza mpaka habari za compressor. Kwa nini hili hukunieleza?"

Bakari akainama. Nilijua hatajibu. Namjua tangu amezaliwa, swali la namna hiyo linamfunga kinywa. Nikataka kumjibia, Mama akanibana paja.

Nilihisi ndoa ya mdogo wangu inaondoka na mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

Mzee Suleiman ndiye aliyetuokoa. Akamwagiza dada yake daftari na kalamu. Akampa Bakari.

"Kaka yako ameandika mara mbili, na mara zote mbili ameandika ua. Andika wewe."

Bakari akaandika akiwa ameinama kwenye mkeka, vidole vyake vikubwa vya spana vimeikamata kalamu kama vitaivunja. Alifuta, akaandika, akafuta. Sijui ilichukua muda gani. Akachana ukurasa, akampa Mwanaidi mkononi, si Mjomba.

Mwanaidi akausoma. Akasimama, akaingia ndani nao, pazia likarudi.

Sisi tukabaki pale tunatazamana. Amekubali? Amekataa? Amekwenda kuuchana? Mama midomo inamchezacheza, anasoma dua. Bakari ameifunga kalamu na kuifungua sijui mara ngapi.

Ghafla simu ya Mzee Suleiman ikalia tii pale kwenye stuli.

Akavaa miwani. Akabonyeza. Ilikuwa picha, imetumwa kutoka chumba kile alichoingia, hatua kumi kutoka tulipoketi. Ukurasa wa daftari, umepigwa umepinda kidogo, kidole gumba cha Mwanaidi kimeonekana pembeni. Mjomba akaikuza kwa vidole viwili, akaisoma kwa sauti:

"Mimi Bakari niliposa Waa nikakataliwa. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa na wewe utaniona sifai. Ile friji ya kikundi ilipona siku ya kwanza. Siku nyingine zote nilizokuja, nilikuja kwako. Ukinikataa nitaumia kuliko mara ile."

Chini ya picha Mwanaidi alikuwa ameandika neno moja: "Huyu."

Mjomba akaitazama ile picha kitambo. Kisha akanigeukia mimi, mtaalamu wa kompyuta wa familia.

"Hii imefunguka," akasema.

Mama ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Mimi nilitoka nje, nikasema naenda kupunga hewa, nikalia huko.

Sasa wakuu, niliyojifunza.

Ukigeuza document kuwa picha, fungua kila picha, moja moja, uisome mpaka chini kabla ya kutuma. Mbili zikifanana usiseme app imerudia. Tazama page ziko ngapi. Na faili jipya ni bure, fungua jipya. Nimeshaanza kufanya hivyo kwa mashuka, Mutua ni shahidi.

La pili, ya moyoni ya mtu usimwandikie wewe. Anwani mwandikie, tarehe mwandikie, mengine mpe kalamu.

Ambalo sijaelewa mpaka leo ni hili: kwa nini ile document ilifunguka kwangu ikakataa kwa Mjomba? Na je, kuna app inayouliza unataka page ipi kabla ya kugeuza? Mwenye kujua aandike hapa chini, kwa lugha ya mtunza stoo tafadhali. Na kama nawe umewahi kutuma kitu ukadhani ni kimoja, tusimulie, nisijione peke yangu.

Harusi ni baada ya mfungo, inshallah. Kadi za mwaliko nimekabidhiwa mimi nizigeuze picha nizisambaze, sijui wamenisamehe au wananitania. Mwanaidi amenipa sharti moja tu.

"Shemeji, zipitishe kwangu kwanza. Na ile page ya pili pia."